Ngozi Hutaka Moto, Mbao Hukataa

Magitaa baina ya baridi ya milimani na joto la Kisumu

Mtu akitaka kujua afya ya magitaa ya mji wowote, asimwulize mpigaji. Na amwulize fundi. Mpigaji atamsimulia nyimbo, fundi atamsimulia nyufa. Katika mji wa Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ambako gitaa ndilo bwana wa kila karamu, mafundi niliokaa nao walikubaliana juu ya jambo moja: magitaa mengi wanayoletewa hayakuangushwa, wala hayakupigwa vibaya. Yameharibiwa na hewa.

Kisa chenyewe aghalabu huwa hivi. Gitaa limeondoka Nairobi jioni likiwa zima. Limepita milima ya Mau usiku wa manane, juu ya keria ya basi au ndani ya buti. Asubuhi limefika Kisumu, likafunguliwa papo hapo, likaegemezwa ukutani juani ati lipate joto. Baada ya siku mbili tatu kifua chake kina ufa, au shingo imepinda hata nyuzi zakoroma. Mwenyewe humlaumu taniboi kwa kulitupatupa, na taniboi wa watu huapa kwamba hakuligusa. Yumkini asema kweli.

Nimeona jambo hili lafaa kuandikwa kwa wasomaji wetu wa pwani, maana vijana wetu nao husafiri na vyombo kwenda bara kupiga harusini, na wa bara huja kwetu. Tena dawa yake haiuzwi dukani. Ni kujua tu.

NJIA YA KUPANDA NA KUSHUKA

Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, lakini si urefu wa njia unaoliumiza gitaa. Ni kupanda na kushuka kwake. Mombasa tuko usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu yake. Ukishapita Nakuru, njia hupanda hadi Mau Summit, ambako ni kama mita 2,500. Kutoka hapo hushuka kwa Kericho penye mashamba ya chai, mahali panaposifika duniani kwa mvua ya mawe, kisha huteremka tena mpaka bonde la Kano na Kisumu, mita 1,130 hivi. Reli nayo, iliyofika ziwani mwaka 1901 wakati mji ukiitwa Port Florence, ililazimika kuipanda milima hiyo hiyo ya Mau kisha ishuke.

Wataalamu wa hali ya hewa hutufundisha kwamba kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kwa digrii 6 hivi za Selsiasi. Basi fanya hesabu mwenyewe. Alfajiri kule juu, joto laweza kushuka hata digrii 10. Kisumu adhuhuri ya kiangazi hufika 30. Hiyo ni tofauti ya digrii 20, na kutoka mahali pamoja hadi pengine ni mwendo wa saa mbili tatu tu. Abiria huvua koti akavaa shati. Gitaa halina koti la kuvua.

Na joto si peke yake. Hewa ya moto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye digrii 10 haiwezi kuchukua zaidi ya gramu 9 hivi za maji. Ikiwa na digrii 20 huchukua 17. Ikiwa na digrii 30 hukaribia 30. Kwa hivyo chombo kilichopoa mlimani kikifunguliwa ghafula katika hewa nzito ya ziwani, maji yaliyomo hewani hukimbilia kukaa juu yake, kama yanavyokaa juu ya gilasi ya maji ya barafu tuliyoiweka mezani wakati wa futari. Gitaa hutoka jasho. Ndipo mwenyewe, kwa nia njema, huliweka juani likauke. Kwa saa moja mbao zimelazimishwa kunywa maji, na kwa saa ya pili zimelazimishwa kuyatema.

MTI HAUFI UKIKATWA

Sisi wa pwani hatuhitaji kuambiwa na mtu kwamba mbao hunywa maji. Mlango wa mvule wa nyumba ya kale hukwama masika hata usukumwe kwa bega, na kiangazi ukafunguka kwa kidole. Jahazi likipandishwa pwani likakaa juani miezi, mbao zake hunyauka na baina ya ubao na ubao pakaonekana mwanga. Ndiyo maana tuna kazi ya kalafati, na ndiyo maana mababu walipaka sifa, yale mafuta ya papa. Wala hakuna nahodha aliyekishusha chombo kilichokauka akasafiri siku hiyo hiyo. Hukiacha kwanza kikaloa, mbao zikavimba, zikashikana.

Gitaa ni jahazi dogo. Kifua chake ni ubao mwembamba wa msonobari au mwerezi, unene wake kama milimita 3, upana wake karibu sentimita 40 pale penye nyonga. Ubao ukinyauka haupungui urefu. Hupungua upana, yaani kukingamana na nyuzinyuzi za mti. Ubao wa upana huo ukipoteza maji unaweza kupungua milimita moja au mbili. Ni kidogo sana kwa macho. Lakini umegundishwa pande zote na umebanwa na viguzo vya ndani, hauna pa kwenda. Ukipungua polepole, mbao nyingine nazo hufuatana nao. Ukipungua kwa siku moja, hupasuka.

Gundi nayo ina mpaka wake. Gundi nyingi za mbao huanza kulainika zikifika digrii 60 hivi. Mtu atasema Kisumu haifiki joto hilo, na ni kweli, hewa haifiki. Lakini gari lililofungwa vioo likaachwa juani, hewa ya ndani hupanda digrii 20 na zaidi kwa muda wa saa moja, na vitu vinavyopigwa na jua lenyewe hupata moto kuliko hewa. Kasha jeusi juu ya kiti cha nyuma ni tanuri. Pale daraja, lile gongo la mti linaloshika nyuzi kifuani, huanza kuinuka taratibu kama ukucha unaotaka kung'oka.

NGOZI SI MBAO

Nilijiuliza kwa nini vijana wengi wenye akili zao huliweka gitaa juani. Jawabu nililipata siku niliposikiliza nyatiti.

Nyatiti ni chombo cha asili cha Wajaluo, nacho kina nyuzi 8. Bakuli lake ni la mti uliochongwa, likafunikwa ngozi. Zamani nyuzi zake zilikuwa za kano za mnyama. Siku hizi ni mshipi wa nailoni, ule ule wa wavuvi. Mpigaji hukaa kitako chini, na kwa pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu hugonga ukingo wa chombo kutia mwendo. Msomaji wa Mombasa huenda akamkumbuka Ayub Ogada, ambaye alizaliwa mjini mwetu mwaka 1956, akaipeleka nyatiti mpaka Ulaya, na kufariki mwaka 2019. Wimbo wake mashuhuri, Kothbiro, jina lake lina maana kwamba mvua inakuja.

Na mvua ikija, ngozi hulegea. Chombo chochote cha ngozi kikinywa unyevu sauti yake huzama, na dawa yake ni moto au jua. Wetu hufanya vivyo hivyo. Nani asiyewaona wapiga ngoma wakiwasha makuti kabla ya mchezo, wakazungusha chapuo na msondo juu ya ndimi za moto mpaka ngozi ikaze? Hata kibangala cha kale, kilichovikwa ngozi ya mbuzi, hakikukataa kuota jua kidogo.

Elimu hii ni sahihi, na ni urithi. Kosa ni kuihamisha kutoka kwenye ngozi kuipeleka kwenye mbao. Kijana aliyemwona babu yake akiota nyatiti juani, akachukua gitaa lililozima sauti kwa unyevu naye akaliota juani, amefuata alivyofundishwa. Ila ngozi hutaka moto, na mbao hukataa. Ngozi ikikazwa leo italegea kesho, ikazwe tena. Ufa wa ubao haurudi.

KWA NINI ZIWANI NI MUHIMU ZAIDI

Huenda msomaji akasema: gitaa likikoroma kidogo, kuna nini? Katika baadhi ya miziki si neno. Katika benga ni msiba.

Gitaa lilienea kanda ya ziwa khasa baada ya askari kurudi kutoka Vita Vikuu vya Pili mwaka 1945. Wapigaji wa huko hawakuiacha nyatiti. Waliihamishia vidole vyake kwenye gitaa. Ndiyo asili ya benga. Mmoja wa wakubwa wake, Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, alizaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940, akafariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Msikilize yeye au wenziwe uone: gitaa la mbele hudonoa sauti moja moja, kwa kasi, juu kabisa ya shingo, na besi hutembea mbele waziwazi badala ya kujificha nyuma. Upigaji huo wataka nyuzi zikae karibu na shingo, kwa kipimo kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Shingo ikipinda unene wa karatasi chache, sauti za juu hufa au hukoroma.

Na wapigaji hawa hawapigi ndani ya kumbi zilizotiwa ubaridi. Hupiga uwanjani, harusini na matangani, usiku kucha chini ya turubai. Umande hushuka, mbao hunywa. Alfajiri mchezo umekwisha, watu wamechoka, vyombo vimelala majanini. Jua la saa mbili linakuja lizikute mbao zimejaa maji.

Gitaa la umeme, ambalo mwili wake ni gogo zima lililopakwa rangi, hustahimili zaidi, lakini halikusalimika. Shingo yake ni mti. Ubao wa vidole ukikauka hupungua upana, na vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni, ambavyo havipungui, hubaki vimetokeza ncha ubavuni na kukata kiganja cha mpigaji. Rangi ya kale nayo, ikipata baridi ya ghafula, hutatuka vijistari kama kigae cha kikombe.

Besi ndiyo yenye mzigo mkubwa. Uzi wake una urefu wa sentimita 86 hivi, ilhali wa gitaa ni kama 65. Nyuzi zake nne tu huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 80. Mvuto huo hauna mapumziko, usiku na mchana. Ndani ya shingo pana fimbo ya chuma iliyowekwa kupingana nao, na mti ukibadilika, mizani baina ya chuma na nyuzi huharibika. Wenye haraka huchukua ufunguo wakaikaza fimbo papo hapo. Kesho yake mti umerudi mahali pake, na shingo sasa imepinda upande wa pili.

NANI HULIPA

Hapa ndipo palipo na uchungu. Bendi nyingi za Afrika Mashariki, tangu zamani, vyombo si mali ya mpigaji. Ni mali ya mwenye bendi, au mwenye ukumbi, au mfadhili. Mpigaji hukabidhiwa. Chombo kikipasuka mkononi mwake, hesabu hukatwa katika fungu lake, na pengine nafasi yake hupewa mwingine. Nimekaa Kaloleni ya Kisumu baada ya swala ya Ijumaa na kijana mpiga besi aliyekuwa amekatwa posho za miezi mitatu kwa shingo iliyopinda. Alikuwa na hakika kwamba amesingiziwa, maana hakuiangusha. Tajiri wake naye alikuwa na hakika kwamba kijana ameiangusha, maana imepinda. Hapakuwa na aliyesema uwongo, wala hapakuwa na aliyeijua sababu. Ujinga wa jambo dogo ulikwisha vunja udugu wa watu wawili.

LA KUFANYA

Basi haya ndiyo niliyokusanya kwa mafundi, nikayapima na yale wanayoelekeza watengenezaji wa vyombo hivi.

Kwanza, kabla ya safari ya usiku, legeza nyuzi kidogo, kiasi cha sauti moja. Usizitoe zote, kwani shingo iliyozoea kuvutwa ikiachwa wazi nayo hupinda.

Pili, chombo kisafiri na watu. Kama hakina kasha gumu, kifunge blanketi au kanga mbili tatu juu ya mfuko wake. Nguo hazizuii baridi isiingie, ila huifanya iingie polepole, na polepole ndiyo tunayoitaka. Keria si mahali pake, wala buti iliyo jirani na injini.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ukifika, usikifungue. Kiweke kivulini, ndani ya nyumba, kasha limefungwa vivyo hivyo. Hewa iliyomo ndani ya kasha ni kidogo na imekwisha patana na mbao. Iache ipate joto taratibu pamoja nazo. Kama kimetoka baridi ya Mau, kipe saa tatu au nne. Oga, swali, kula samaki wako, kisha urudi. Amplifaya nayo isiwashwe kabla ya muda huo, kwani jasho likiwa ndani ya mitambo ya umeme huleta hasara nyingine.

Nne, kamwe usikiache ndani ya gari lililosimama juani, hata kwa muda wa swala moja.

Tano, nyumbani kisitundikwe ukuta unaopigwa na jua la alasiri, wala karibu na bati lisilo na dari. Ukuta wa ndani ndio mwema. Watengenezaji hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 mpaka 55. Sisi wa pwani kwa kawaida tuko juu ya hapo, kwa hivyo gitaa letu huvimba zaidi ya kukauka. Masika, vile vipakiti vya chembe zinazofyonza maji, vinavyotiwa katika masanduku ya viatu, visitupwe, vitiwe kashani. Kiangazi cha bara, Januari na Februari, fanya kinyume: sifongo iliyoloweshwa ikakamuliwa sana, ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, iwekwe kashani mbali na mbao. Wenzetu walioko Ulaya walijue hili zaidi ya sote, kwani nyumba zinazotiwa moto wakati wa baridi huwa na hewa kavu kuliko jangwa.

Sita, nyuzi zikihama sauti saa ya kufika, usiwe na wasiwasi. Chuma kikipata joto hurefuka, sauti ikashuka. Kikipoa hukaza, ikapanda. Linganisha kidogo, ngoja, linganisha tena. Fimbo ya shingoni isiguswe kabla ya siku nzima kupita, na ikiguswa iwe robo ya mzunguko, si zaidi.

Saba, ukiona ufa, legeza nyuzi mara moja na umpelekee fundi. Usimimine gundi ya dukani, ile ya kushika papo hapo. Itamzuia fundi asiweze kuifanya kazi yake vizuri.

Hayo yote hayataki fedha. Yataka saa tatu za kungoja, na hilo ndilo lililo ghali kwa vijana wa leo. Kwa kuwa maneno ya kupangwa hukaa kichwani kuliko ya kutawanyika, nimewaachia wapigaji ubeti huu waubandike ndani ya kifuniko cha kasha:

Mti haufi kukatwa, hubaki na hali yake,
Si chombo cha kukokotwa, jua si rafiki yake,
Ngomani kikishaitwa, ngoja kwanza kizoeke,
Haraka ikifuatwa, gharama ni ya mwenyewe.

Wenye bendi nao nina neno nao. Mnapomkabidhi kijana chombo, mkabidhini na maelezo yake, na basi lifikapo asubuhi msimwamuru apande jukwaani kujaribu sauti kabla mbao hazijatulia. Na chombo kikipinda, kabla ya kukata posho ya mtu, ulizeni kwanza kilipita njia gani, na kilifunguliwa saa ngapi.